Mwimbishaji na Mwanafunzi Mgumu

Somo kwa waimbishaji, viongozi wa korali na wazazi wa waimbaji

Masomo ya kusoma kwanza: 1 Mambo ya Nyakati 15:22 na 25:6-8, Mathayo 18:15-17, Matendo ya Mitume 15:36-40, 2 Timoteo 4:11.



Katika kanisa letu wimbo si pambo la ibada. Wimbo ni sala, tena ni mafundisho. Wengi walio pamoja nasi leo waliingia kwa mlango wa wimbo. Walikuwa wakipita njiani, wakasikia korali, wakasimama, kisha wakaingia. Lakini inapashwa kusema ukweli wote: wako wengine waliotoka kwa mlango ule ule. Walitoka kwa sababu ya neno moja waliloambiwa siku ya repetisio mbele ya watu. Tunamtafuta ndugu aliyepotea kwa mahubiri na kwa maombi ya usiku kucha, na pengine tulimpoteza kwa dakika moja tu, siku ya posho saa kumi, juu ya noti moja ya alto.

Ndiyo sababu ya somo hili. Tunauliza: mwimbishaji afanye nini na mwanafunzi mgumu? Jibu letu kwa ufupi ni hili: achunguze kwanza sababu ya ugumu wake; kisha amwonye kwa utaratibu unaojulikana na wote; wala asiufunge mlango wa kurudi. Tufuate mambo hayo moja moja.

I. KUFUNDISHA NYIMBO NI KAZI YA UFUNDI

Wakati mfalme Daudi alipopandisha sanduku la agano, Walawi waliimba, na mkubwa wa nyimbo alikuwa Kenania. Andiko halisemi kwamba aliwekwa kwa sababu ya ukoo wake au kwa sababu ya sauti kubwa. Linasema aliwekwa kwa sababu alikuwa na ujuzi. Mbele kidogo, katika sura ya 25, tunakuta hesabu ya waimbaji waliofundishwa: watu 288, yaani makundi 24 ya watu 12 kila kundi. Walipiga kura juu ya zamu zao wote sawasawa, mdogo na mkubwa, mwalimu na mwanafunzi. Tuone vizuri: hata katika nyumba ya Mungu walikuwamo wanafunzi, maana yake watu ambao bado hawajajua. Mwimbishaji anayekasirika kwa sababu mwanafunzi hajui, anakasirikia sababu ya kazi yake mwenyewe.

Katika inchi yetu mifano haikosekani. Kule Kamina, katika miaka ya 1950, padri mmoja wa Ubelgiji, Guido Haazen, alikusanya waimbaji walioitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Walikuwa wavulana wa shule pamoja na walimu wao. Watoto waliimba sauti za juu, walimu waliimba sauti za chini. Mwaka 1958 walisafiri mpaka Ulaya, na misa yao iitwayo Missa Luba ilisikiwa katika dunia nzima. Mwalimu alisimama katika mstari mmoja na mtoto aliyemfundisha, na noti ya mwalimu ilihitaji noti ya mtoto.

Vilevile mjini Kinshasa, mwaka 1994, Armand Diangienda alianzisha orkestra ya kanisa la Kimbangu, Orchestre Symphonique Kimbanguiste. Wengi wa wanafunzi wale hawakuwa wamesoma muziki katika shule. Violoni zilikuwa chache kuliko watu, ikawa kupokezana: mmoja anapiga, mwingine anangoja. Fikiri juu ya uvumilivu ulioombwa kwa mwalimu na kwa wanafunzi siku zile, mbele watu wa inchi za mbali hawajaja kuwasikiliza.

Basi mtu wa ufundi ni nani? Ni yule aliyejifunza wimbo nyumbani mbele ya kuufundisha. Anafika mbele ya wanafunzi wake. Ana sheria moja kwa wote, kwa mtoto wa mchungaji na kwa mtoto wa mjane. Tena anajua kutenga kosa na tusi. Mwanafunzi akikosea noti, hajakutukana. Akikosea mara kumi, bado hajakutukana.

II. MBELE YA HUKUMU, TAFUTA SABABU

Neno «mgumu» ni fupi, lakini ndani yake mna watu wa aina tatu: asiyeweza, asiyepata nafasi, na asiyetaka. Kwa macho wote watatu wanafanana. Wote wanaharibu wimbo. Lakini dawa ya mmoja ni sumu kwa mwenzake. Ukimkemea asiyeweza, unamvunja. Ukimbembeleza asiyetaka, unamfundisha kudharau.

Kwa kuwatofautisha, jiulize maulizo matatu:

1. Jambo hili limeanza lini? Ikiwa zamani aliimba vizuri na sasa hawezi, kuna kitu kilichobadilika.
2. Anakosea wakati wote, au mahali fulani tu? Anayekosea noti za juu peke yake ana shida ya sauti. Anayekosea siku za repetisio lakini anaimba vizuri mbele ya wageni ana shida nyingine.
3. Akiwa peke yake na mwalimu, inakuwa namna gani? Wengi wenye ubishi mbele ya wenzao ni wapole wakiwa peke yao.

Walimu tunapenda sana methali ile ya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini katika kazi ya nyimbo wako wasiosikia kwa sababu sikio lao halijafundishwa, na hao hawana kosa.

III. ASIYEWEZA

a) Kijana ambaye sauti yake inavunjika. Katika shingo, ndani ya koromeo, ziko kamba mbili ndogo za sauti. Pumzi ikipita kati yake zinatetemeka, na huko ndiko sauti inatoka. Mvulana akifika karibu na miaka 12 mpaka 15, koromeo linakua na kamba zinakuwa ndefu na nene. Sauti inashuka karibu oktava nzima. Kazi hii ya mwili inaweza kuchukua miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Kwa wakati huo sauti inakatika ghafula, inapanda na kushuka bila ruhusa ya mwenyewe. Wasichana nao wanabadilika, lakini kwa kadiri ndogo; sauti inakuwa na pumzi nyingi na inashuka kidogo.

Katika korali moja alikuwako mvulana aliyeimba solo ya soprano tangu utoto. Kanisa lote lilimpenda. Alipofika miaka 14, siku ya sikukuu, sauti yake ilikatika katikati ya wimbo. Watu walicheka. Siku ya repetisio mwimbishaji alimwambia mbele ya wote kwamba ametia korali haya, na kwamba mbuzi wanaimba kuliko yeye. Kijana alikunja kitabu chake, akatoka, wala hakurudi. Mama yake bado anakuja kwenye ibada, anakaa mstari wa nyuma peke yake. Kijana amekuwa mtu mzima, anaimba besi katika baa, na korali ile inahangaika kutafuta mtu wa besi.

Ilipashwa kufanya nini? Mwimbishaji angemwita pembeni na kumwambia: «Mwanangu, sauti yako inakua kama vile miguu yako ilivyokua. Si ugonjwa, si laana, wala si adhabu ya zambi. Solo tutampa mwingine kwa sasa. Wewe shuka alto, nyuma yake tutaona kama Mungu amekupa tenori au besi.» Halafu amwimbishe polepole, noti tano au sita tu zilizo nyepesi kwake, bila kulazimisha za juu. Na wenzake waelezwe mapema kwamba kila mvulana atapita njia hiyo, ili asiwepo wa kucheka.

b) Mtu ambaye hapati noti. Wengi wanaoitwa «hawana sikio» wana sikio zima, lakini hawajajifunza kusikia na kulinganisha. Wale ambao kweli hawawezi kutofautisha noti ni wachache sana. Usianze kwa kumwita apande kwako. Mwache atoe noti yake mwenyewe, ile inayomtoka bila taabu, na wewe umfuate huko aliko. Mkishakuwa pamoja, pandeni pamoja hatua moja. Kisha nyingine. Mweke katikati ya waimbaji wawili wenye sauti za hakika. Afumbe mdomo na kuunguruma kwanza, asikilize, kisha aimbe maneno.

Tena, mwimbishaji mwanaume akumbuke: sauti yake iko chini kwa oktava kuliko ya mtoto. Mtoto mdogo akisikia noti ya mwanaume anaweza kupotea, akaanza kutafuta sauti ya chini asiyokuwa nayo. Mteue msichana mmoja au mtoto mmoja anayejua, awape wenzake noti. Utashangaa kuona «wagumu» wengi wamepona siku moja. Na kama mtu alipata ugonjwa wa masikio, ulizia hilo na umsimamishe upande ambao sikio lake zuri linaelekea wenzake.

c) Sauti iliyochoka. Mama anayeuza samaki sokoni anaita wateja tangu asubuhi. Mwalimu wa shule anasema kwa nguvu mbele ya watoto hamsini. Mhubiri wa mitaani anapaza sauti bila mikrofoni. Jioni wanakuja kwenye repetisio na koromeo lililoumia, na sisi tunasema ni wavivu. Hao wanahitaji maji ya kunywa siku nzima, mazoezi mepesi ya dakika tano au kumi mbele ya wimbo, na ruhusa ya kukaa na kusikiliza siku sauti imekauka. Kunong'ona si kupumzika, afazali kunyamaza kabisa. Wengine wanameza yai bichi. Chakula kinapita njia yake na sauti ina njia yake. Kitu unachomeza hakigusi kamba za sauti. Mtu akikaa na sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu, aende kwa monganga wa hospitali, na sala zetu zimsindikize huko.

d) Mama au baba aliyezeeka. Kwa umri, sauti ya mama inashuka. Soprano wa zamani hafikii tena noti za juu, lakini hataki kuacha mstari wake, kwa sababu mstari ule ni heshima yake. Usimhamishe mbele ya wasichana. Mtembelee nyumbani, kaa chini, omba kama mtoto anavyoomba: «Mama, alto yetu haina mizizi. Wasichana wanapotea. Tunakuomba ukae katikati yao uwafundishe.» Si udanganyifu. Ni kweli kwamba alto inamhitaji.

IV. ASIYEPATA NAFASI

Wako wanaochelewa kila mara, wanaosinzia, wanaokosa kitabu, wanaopotea wiki mbili na kurudi bila maelezo. Mbele ya kusema «hapendi kazi ya Mungu», ulizia nyumbani kwake. Mmoja ametoka kazi ya usiku katika mgodi. Mwingine anasukuma kinga yenye magunia ya makala tangu alfajiri. Msichana fulani anapashwa kwanza kuchota maji na kupikia wadogo zake, na mtungi ukichelewa kujaa, yeye anachelewa. Mwingine hana nguo nyeupe ya kuvaa, basi anapata homa kila siku ya yenga.

Kwa hawa kemeo halisaidii kitu. Msaada ndio unaohitajika. Pengine kubadilisha saa ya repetisio kwa nusu saa kunatosha kuponya watu wanane. Pengine mwenzake wa jirani anaweza kumwandikia maneno ya wimbo, au kumpelekea wimbo kwa telefone ili ajifunze nyumbani. Na juu ya nguo, komite ya mamama inajua kufanya jambo hilo kwa siri. Lakini sheria ibaki sheria: asiyejua wimbo asiimbe siku hiyo, akae na kanisa. Hii si adhabu. Ni heshima kwa wimbo na kwa wale waliojifunza.

V. ASIYETAKA

Hapa tunafika penye ugumu wenyewe. Tutaje wanne wanaojulikana katika korali nyingi.

Wa kwanza ni solisti mwenye kiburi. Anakuja wakati anaotaka, kwa sababu anajua bila yeye wimbo hauna ladha. Kosa la kwanza la korali ni kuwa na solisti mmoja. Fundisha kila solo kwa watu wawili au watatu tangu mwanzo, bila kungoja ugomvi. Nyuma ya hapo unaweza kusema naye bila hofu na bila hasira, kwa sababu hakushiki tena mateka.

Wa pili ni mtu wa ubishi. Anajua muziki kidogo, pengine kuliko mwimbishaji kwa jambo moja, naye anasahihisha kila mara kwa sauti. Usishindane naye mbele ya watu. Sema: «Ndugu, tuimbe kwanza kama nilivyoonyesha. Ukiisha repetisio unionyeshe yako.» Na kweli umngoje akuonyeshe. Akiwa na haki, wiki ifuatayo mwambie kila mtu: «Ndugu yetu amepata namna bora, tuifuate.» Neno hilo halipunguzi heshima ya mwalimu. Asipokuwa na haki, mwonyeshe kwa upole kwa nini.

Wa tatu ni mkubwa wa umri. Mwimbishaji pengine ana miaka 25, na mtu wa besi ana wajukuu. Anasema: «Wewe mtoto, nilianza kuimba baba yako hajaoa.» Kijana, usijibu neno hilo. Sahihisha sauti nzima, usimtaje mtu: «Tunaomba baba zetu wa besi warudie mstari wa pili.» Wote warudie, naye ndani yao. Kama haitoshi, pitia kwa mzee wa rika lake. Kwetu mtoto hamwonyi mzee uso kwa uso, na ufundi wa muziki haukuja kuvunja desturi hiyo.

Wa nne anapatikana zaidi katika makanisa kama letu. Ndiye mtu anayesema: «Wimbo huu nilifunuliwa usiku. Roho alinipa namna hii. Huwezi kugeuza hata noti moja.» Hapa mwimbishaji anaogopa. Akigusa wimbo, anaonekana kumpinga Roho. Akiacha, korali inaimba kitu kisichofuatana. Basi tufanye hivi. Kwanza, sikiliza wimbo wote kwa heshima, na uandike maneno mbele ya yote, ili kile kilichopokelewa kisipotee. Pili, peleka maneno kwa wazee wa kanisa, kwa maana kazi ya kupima mafundisho ni yao, si ya mwimbishaji. Mtume Paulo, katika 1 Wakorinto 14, aliagiza manabii waseme na wengine wapime. Tena alifundisha kwamba roho za manabii zinawatii manabii. Ikiwa neno la nabii linapimwa, wimbo wa mwimbaji hauwezi kukataa kupimwa. Tatu, mweleze ndugu huyo tofauti: wimbo aliupokea yeye, lakini utaimbwa na sauti nne. Yeye anaimba kwa kimo cha sauti yake. Mama wa soprano hawezi kufika huko. Kuupandisha au kuushusha ili kanisa lote liimbe si kuugeuza. Ni kuugawa, kama mkate.

VI. NJIA YA KUONYA

Wakati wa repetisio yenyewe, usisimamishe watu arobaini juu ya mtu mmoja. Wakipiga kelele, usipige kelele kuwashinda. Shusha sauti, au nyamaza na ungoje. Wanaozungumza, badilisha mahali pao bila maelezo. Kijana asiyetulia, mpe kazi: agawe vitabu, apige hesabu ya mapigo, ashike orodha ya waliofika. Telefone zote zikae katika kikapu mpaka mwisho, na ya mwimbishaji iwe ya kwanza kuingia.

Kama jambo linarudi, fuata njia ambayo Bwana Yesu alionyesha katika Mathayo 18.

Hatua ya kwanza: wewe na yeye peke yenu, lakini mahali panapoonekana na watu. Usingoje mwezi. Sema mambo matatu tu: nililoona, ubaya wake, na ninaloomba. Kwa mfano: «Dada, wiki tatu mfululizo umefika nyuma ya saa moja. Alto wanarudia kila mara kwa ajili yako, nao wamechoka. Ninaomba siku ya posho ufike mbele ya sala, au uniambie kizuizi chako.» Halafu unyamaze, usikie. Usifungue mambo ya zamani, usitaje wazazi wake, wala usiseme «wewe ni mtu wa namna hii kila siku».

Hatua ya pili: mchukue pamoja nawe kiongozi wa sauti yake, na mtu mmoja ambaye yeye mwenyewe anamheshimu. Si watu wako wawili. Ukileta marafiki zako tu, ataona ni baraza la kumshambulia.

Hatua ya tatu: komite ya korali na wazee wa parokia. Hapa anaweza kusimamishwa, lakini kwa muda uliotajwa, mwezi mmoja kwa mfano, na siku ya mwisho iandikwe. Asimamishwe kuimba mbele ya kanisa, asifukuzwe katika mafundisho. Aendelee kuja na kusikiliza. Mtu anayefukuzwa bila tarehe amefukuzwa kwa milele, hata kama hamkusema hivyo.

Na kama hasikii hata kanisa? Andiko linasema awe kwetu kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru. Wengi wanasoma hapo na kufunga kitabu. Lakini tukumbuke Bwana aliishi na watoza ushuru namna gani: aliingia katika nyumba zao, akala nao. Basi amri hiyo pia haifungi mlango. Inabadilisha tu mahali ambapo tutamtafuta.

VII. MAMBO ASIYOPASHWA KUFANYA MWIMBISHAJI

1. Asipige. Fimbo, kofi, kupigisha magoti juu ya changarawe: hakuna sauti iliyopona kwa njia hizo. Mtoto mwenye hofu anakaza shingo na mabega, na shingo iliyokazwa haiimbi. Tena inchi yetu ina sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, na mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Kanzu ya kanisa haimfichi mtu mbele ya sheria.
2. Asitukane sura, kabila, umaskini wala familia ya mwanafunzi.
3. Asifundishe msichana, au mtoto yeyote, peke yake katika chumba kilichofungwa. Mlango uwe wazi na mtu wa tatu awepo. Ukitaka kumwonyesha pumzi inavyoingia chini ya mbavu, weka mkono juu ya mwili wako mwenyewe, naye aweke wake juu ya wake.
4. Asiuze solo. Asipokee feza wala zawadi ya siri ili mtu asimame mbele. Mzazi akileta kuku kwa ajili ya korali, kuku huyo ajulikane na komite.
5. Asipeleke siri. Jambo mwanafunzi alilomweleza juu ya nyumba yao lisigeuke hadisi, wala ombi la sala mbele ya watu.

Mwimbishaji anayevunja mambo haya yeye ndiye mgumu, na hatua tatu za Mathayo 18 zinamhusu kwanza.

VIII. KILA ALIYESIMAMISHWA APATE BARNABA WAKE

Tumalize kwa habari ya Yohana aitwaye Marko. Alisafiri pamoja na Paulo na Barnaba, akawaacha njiani kule Pamfilia. Safari ya pili Barnaba alitaka kumchukua tena. Paulo alikataa. Wakagombana kwa ukali, wakaachana. Paulo akaenda na Sila. Barnaba akamchukua Marko mpaka Kipro.

Watu wanauliza nani alikuwa na haki. Sisi tutazame matokeo. Miaka mingi nyuma yake, katika barua kwa Timoteo, Paulo anaomba aletewe Marko, kwa sababu anamfaa katika kazi. Mtu aliyekataliwa amekuwa mtu anayeombwa. Nani alimlea katikati ya nyakati hizo mbili? Barnaba alikuwa mwanzo wa malezi hayo.

Korali inahitaji Paulo, anayesema: «Kazi hii ina sheria, huwezi kuiacha njiani na kurudi kama vile hakuna kitu.» Lakini korali yenye Paulo peke yake itabaki na watu wachache kila mwaka. Kwa hiyo tunashauri parokia zote: siku ile ile komite inapomsimamisha mwimbaji, iteue mtu mmoja kuwa Barnaba wake. Jina lake liandikwe katika daftari pamoja na tarehe ya kurudi. Kazi yake ni kumtembelea mara moja kwa wiki, kusali naye, kumpelekea nyimbo mpya zinazofundishwa, na siku ya mwisho kutembea naye njiani mpaka mlango wa kanisa, kwa maana mlango huo ni mzito sana kwa mtu anayerudi peke yake. Akifika, wenzake wamwachie nafasi yake katika mstari, na mwimbishaji ampe noti kama anavyowapa wote.

Na wale waliotoka zamani, ambao hakuna aliyewaandikia tarehe? Kila korali inawajua. Majina yao yangali katika madaftari ya zamani, pengine yamepigwa mstari. Waimbishaji wapenzi, mwezi huu fungueni madaftari hayo. Chagueni jina moja, nendeni wawili wawili, mbishe hodi. Msianze na neno la korali. Anzeni na salamu.

MAULIZO YA KUJADILIANA KATIKA KORALI

1. Katika korali yetu, nani tunamwita «mgumu»? Je, ni asiyeweza, asiyepata nafasi, au asiyetaka? Tulichunguza namna gani? (Msitaje majina mbele ya wote, kila mmoja ajibu moyoni, viongozi wajadiliane katika komite.)
2. Sheria za korali yetu zimeandikwa? Zilisomwa mbele ya wote lini kwa mara ya mwisho?
3. Tunao vijana wa miaka 12 mpaka 15? Wameelezwa juu ya kubadilika kwa sauti?
4. Kila solo inajulikana na watu wangapi?
5. Nani kati yetu anaweza kuwa Barnaba, na wa nani?

Bwana aliyewapa Walawi ujuzi wa kuimba awape waimbishaji wetu masikio ya kusikia, si noti tu, bali na mtu aliye nyuma ya noti. Amina.